Majiko Sita ya Marehemu

Dirisha namba nne la ofisi ya mipango miji lilifunguliwa saa mbili na dakika ishirini, karani alipomaliza chai yake na kuifuta meza kwa kitambaa cha kijani. Mshonaji alikuwa wa saba kwenye foleni. Alikuwa ameshika bahasha ya kaki, na ndani yake mlikuwa na barua ya kiwanja, ramani iliyochorwa na Mwalimu mstaafu kwa rula ya ubaoni, na fomu ya kurasa nne aliyoijaza yeye mwenyewe juu ya meza ya cherehani, kwa mwandiko wa darasa la saba, herufi zote zimesimama wima kama ziko kwenye gwaride.

Kiwanja kilikuwa cha wanawake sita. Wote walikuwa wajane, na walijuana kwenye benchi la kliniki ya presha, ambako kila mwezi walikaa wakisubiri kuitwa. Palikuwa na Mshonaji, Mkunga, Dobi, Mwalimu, Muuza Mboga, na mmoja aliyeitwa Bi Pole kwa kuwa alifanya kila kitu polepole na bado alikuwa wa kwanza kufika. Karibu wote waliishi kwenye nyumba za watu. Mmoja alilala stoo kwa mkwe wake, mwingine sebuleni kwa mpwa, na Mshonaji alikuwa na chumba cha uani kwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe. Dobi alikuwa peke yake kwenye chumba cha kupanga. Siku moja, Jumatatu asubuhi, alianguka kando ya kitanda, akaja kuokotwa Jumatano. Aliporudi kliniki mkono umefungwa, Mkunga alimtazama kwa muda, akasema, "Basi. Tumewekwa kwenye vyumba vya watu kama mabegi. Tutafute pa kwetu."

Wakanunua kiwanja kwa pamoja. Walitaka nyumba ndogo sita, kila moja chumba kimoja na dirisha, zitazamane, na katikati jiko moja kubwa lenye meza ndefu. Ambaye hajaonekana mezani asubuhi angefuatwa kabla chai haijapoa. Hilo ndilo walilokuwa wanalijengea.

Manispaa ilikuwa na sheria kwamba kiwanja kisichojengwa ndani ya miaka miwili kinarudishwa. Ilikuwa imebaki miezi mitano.

Karani alisoma fomu kwa kidole. Alipofika swali la kumi na moja, kidole kikasimama.

"Idadi ya majiko. Umeandika sita."

"Ndiyo, mwanangu."

Mshonaji hakupenda kudanganya kwenye karatasi ya serikali. Alikuwa amewazungukia wenzake wote akiuliza, na kila mmoja alikuwa na jiko lake la mkaa. La Bi Pole lilikuwa limevunjika mguu, lakini lilikuwa bado linaivisha, naye akalihesabu.

"Majiko sita ni kaya sita, mama. Na kule kwenu ni eneo namba tisa. Kiwanja kimoja, kaya moja."

"Ni majiko ya mkaa. Ya kubebeka."

"Fomu haiulizi kama yanabebeka."

Akafungua kitabu cha sheria ndogo, akamsomea taratibu, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya. Kaya ni watu wanaolala ndani ya uzio mmoja, wanaokula kutoka jiko moja, chini ya mkuu mmoja. Kisha akapiga muhuri wa IMEREJESHWA, akaiweka fomu kwenye faili, akampa nyingine.

Wiki iliyofuata Mshonaji alirudi. Safari hii kwenye majiko alikuwa ameandika moja, maana jiko la kujengwa lilikuwa moja kweli. Karani akatikisa kichwa kwa kuridhika, akashuka hadi swali la kumi na mbili, Mkuu wa Kaya, ambapo Mshonaji alikuwa ameandika: Sote.

"Sote si mtu," karani alisema.

"Basi andika mimi."

"Una mume?"

"Ni marehemu."

"Ana ndugu wa kiume?"

"Anaye mdogo wake."

Karani akaugeuza ukurasa wa kitabu ili naye aone. Mkuu wa kaya ni mume mwenye kaya, au ndugu wa kiume wa mume. Maneno yalikuwa yamechapwa kwa mashine ya zamani, na herufi ya m ilikuwa imezibwa na wino kila mahali.

"Wenzangu watano wanazo akili zao timamu," Mshonaji alisema. "Mmoja amefundisha shule miaka thelathini na tano. Pengine hata wewe amekufundisha."

"Amenifundisha," karani alisema. "Msalimie. Lakini hapa panataka mume. Mlete shemeji yako asaini, au mlete mume mwenyewe."

Aliyasema hayo huku akiutafuta muhuri, kama mtu anavyosema jambo la kumalizia mazungumzo. Ila Mshonaji alikuwa na tabia ya kusikiliza kilichosemwa.

Alianza na shemeji. Shemeji alikuwa anachokonoa meno baada ya chakula, miguu juu ya kiti cha pili.

"Kwa nini nisisaini?" alisema. "Wewe si mtu baki, shemeji. Ila ujue, anayesaini ndiye mwenye. Upande wa mbele, kule barabarani, nitaweka fremu tatu za maduka. Nyinyi mtabaki kwa nyuma. Kina mama mna haja gani na barabara?"

"Nimekusikia, shemeji," alisema Mshonaji, akachukua sahani akaenda kuiosha.

Jumamosi alasiri alikwenda makaburini. Mumewe alikuwa seremala, na alikuwa amelala pale miaka kumi na moja, kwenye mstari wa tatu kutoka ukutani. Hawakujaliwa mtoto. Mshonaji aling'oa majani, akapangusa mchanga uliorukia jiwe, kisha akamweleza habari yote tangu benchi la kliniki mpaka swali la kumi na mbili, bila kuruka kitu, kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa ya kikao.

"Kwa hiyo unahitajika Jumatano, saa mbili asubuhi," alimaliza. "Dirisha namba nne. Uje na kitambulisho kama bado unacho."

Jioni alikaa ukingoni mwa kitanda, akaomba. Sala yake ilikuwa na sehemu tatu, na kwa miaka kumi na moja hakuwa ameibadilisha hata neno. Kwanza alishukuru kwa siku. Pili aliomba afya kwa walio hai, akiwataja. Mwisho alisema, "Na mume wangu, Mungu, mpe pumziko lisilokatizwa." Siku ile alipofika hapo alisita kidogo, akaona aibu, akaongeza, "Isipokuwa Jumatano."

Jumatano wanawake wote sita walifika ofisini pamoja. Marehemu alikuwa ameshakaa kwenye benchi la ukutani, wa kwanza kabisa, namba yake mkononi. Alivaa koti lake la kahawia, penseli iko nyuma ya sikio, na mabegani alikuwa na maganda ya randa, yale mepesi yanayojikunja. Benchi zima lilinuka mbao mbichi. Watu wa pembeni walikuwa wamesinzia kwa harufu hiyo, vichwa vimelala bega kwa bega.

"Umechelewa," alimwambia mkewe.

"Nilimpitia Bi Pole."

Mkunga akamwinamia. "Shikamoo, Marehemu."

"Marahaba, Mkunga. Habari za siku?"

"Nzuri. Umepungua."

"Ndiyo hivyo."

Wakaitwa. Karani alimwangalia Marehemu, akaangalia fomu, akaomba kitambulisho. Akakigeuza nyuma na mbele.

"Hiki kimekwisha muda, mzee."

"Na mimi pia," alisema Marehemu.

Karani akaona ni haki. Kwenye nafasi ya hali ya mwombaji akaandika marehemu, akasoma tena kifungu, akakisoma kwa mara ya pili kwa sauti. "Panasema mume," alisema. "Hapasemi hai." Akaendelea. Vitambulisho vya wanawake sita, vyote vya mwaka ule, vilikuwa mezani vimepangwa kama karata, naye hakuvigusa.

Shida ilikuwa kidole. Wino wa muhuri haukushika kwenye dole gumba la Marehemu, la kulia wala la kushoto. Kalamu nayo haikutoa kitu mkononi mwake. Akachomoa penseli yake nyuma ya sikio, akasaini kwa herufi zile zile alizokuwa akiandikia vipimo kwenye mbao. Penseli haikubaliki kwenye fomu, kwa hiyo karani akainuka, akaenda kutoa nakala kwenye mashine, akarudi akasema nakala haina penseli, ni wino mtupu.

Hapo ndipo alipofungua faili kuiweka, akakutana na ile fomu ya kwanza. Majiko: sita. Akainua macho, akawatazama wanawake sita waliosimama nyuma ya Marehemu mmoja, akawahesabu kwa kidevu. Uso wake ukatulia kama wa mtu aliyepata funguo mfukoni alimokwisha kutafuta.

"Kumbe," alisema. "Sasa ndiyo naelewa. Mzee ana majiko sita."

Akauchovya muhuri kwenye wino.

"Mume mmoja, wake sita, kaya moja. Sheria inaruhusu. Tangu siku ya kwanza mama aliandika majiko sita, mimi nikadhani ya kupikia." Akatabasamu kwa kujilaumu. "Ungeniambia tu, mama, kwamba mzee ameoa. Mtu akipata jiko si jambo la kuficha."

Mshonaji alifungua mdomo. Mkunga akamkanyaga mguu, akaendelea kuukanyaga mpaka muhuri ulipopigwa. IMEKUBALIWA. Chini yake karani akajaza: mkuu wa kaya mmoja, wake sita, watoto hakuna.

Nje, karibu na ubao wa matangazo, Mshonaji alisimama.

"Nimesema uongo kwenye karatasi ya serikali."

"Hukusema hata neno," alisema Mwalimu.

"Ndiyo uongo wenyewe."

Marehemu alikuwa anavuta kidogo mkono wa koti. "Mimi mmoja alinitosha," alisema, hakusema kwa nani.

"Mke mwenzangu," Mkunga akamwambia Dobi, "nishike mkono, ngazi hizi hazinipendi." Tangu siku hiyo wakaitana hivyo. Mke mwenza nipe chumvi. Mke mwenza leo nani anafagia. Jioni Mshonaji alimweleza Mungu jambo lote, akitaja namba za maswali, akaomba radhi kwa swali la kumi na moja na la kumi na mbili. Alipolala aliona moyo haujawa mwepesi, lakini kiwanja kilikuwa kimepona.

Ujenzi ulichukua miezi minne. Waashi waliinua kuta asubuhi, na Marehemu alitengeneza milango kuanzia saa kumi mpaka jua lilipozama, kwa kuwa mwanga wa saa hizo ulimfaa. Maganda ya randa yake hayakuanguka chini. Yalielea uani kwa urefu wa magoti, ya rangi ya asali, yakizunguka taratibu, na wanawake walipita katikati yake wakibeba ndoo kama watu wanaovuka mto usio na maji. Asubuhi yalikuwa yametua, na Bi Pole aliyafagia. Hayakuwa na uzito. Alifagia rundo la kimo chake akalibeba kwa mkono mmoja. Milango ilipofungwa haikutoa sauti yoyote, hata upepo ulipoisukuma. Mwashi mmoja aliuliza mbao zimetoka wapi, akaambiwa ni za zamani.

Siku za ujenzi watu wawili walikuja kuulizia habari.

Wa kwanza alikuwa mume wa Muuza Mboga, aliyezama mtoni zamani. Alisimama nje ya mpaka, mita tatu kamili, suruali inachuruzika.

"Nimesikia umeolewa," alisema.

"Ni karatasini tu, baba watoto."

"Karatasi ya wapi?"

"Dirisha namba nne."

Akalifikiria hilo. Kisha akamwuliza kama anakula vizuri, na kama goti limeacha kumsumbua. Alipojibiwa aliondoka, akaacha kidimbwi kidogo ambacho kuku wa jirani walikuja kunywa.

Wa pili alikuwa shemeji. Alikuja na mtu wa kupima fremu za maduka, akamkuta kaka yake ameketi kwenye kigoda penye mlango wa jiko, anapiga msasa mguu wa meza.

"Kaka," alisema.

"Mdogo wangu."

Shemeji alilitazama koti. Kwa miaka kumi na moja lilikuwa limening'inia nyuma ya mlango wake, na alilivaa kwenye harusi za watu. Jumatano moja alikuta msumari mtupu. "Kumbe koti langu liko huku," alisema.

"Langu," Marehemu alisema.

Shemeji alikaa kidogo kwa adabu, akaomba maji, akanywa, akaondoka na mtu wake. Habari ya maduka haikutajwa tena.

Walihamia wiki mbili kabla ya miaka miwili kutimia. Mkaguzi wa manispaa alikuja na futi yake ya kamba, akapima kutoka ukuta hadi mpaka, akahesabu majiko, akahesabu wake. Kisha akasimama mbele ya kigoda.

"Mzee, unalala hapa?"

"Silali."

"Lakini upo."

"Nipo."

Mkaguzi akaandika: Yupo. Akawaeleza kwamba kibali ni cha mwaka mmoja mmoja, kinaongezwa dirisha namba nne, na mkuu wa kaya lazima awe anakaa kiwanjani. "Ninaweza kupita siku yoyote bila taarifa," alisema. "Akiondoka yeye, kibali kinakufa, na kiwanja kinarudi. Msije mkasema sikuwaambia."

"Hatutasema," alijibu Mwalimu.

Ikawa hivyo, na maisha yakawa mazuri. Asubuhi moshi wa jiko ulipanda ukafika juu ya mapaa sita, ukakaa hapo kama mtu anayesikiliza. Walikula pamoja, wakabishana kuhusu sukari, wakasomeana barua za watoto. Mkunga na Muuza Mboga walikorofishana siku tisa juu ya sufuria, wakapatana bila kujua nani aliyeanza. Mwezi wa nne, asubuhi moja, kiti cha Dobi kilikuwa kitupu. Bi Pole aliweka kikombe chini, akainuka, akatembea kwa mwendo wake ule ule, na wengine wakamkuta ameshampakata Dobi kichwa sakafuni na ameshafungua madirisha. Daktari alisema wangechelewa saa mbili angekuwa amepooza. Dobi alirudi mezani Jumamosi hiyo hiyo, mdomo umepinda kidogo upande, akasema chai ina moshi.

Marehemu alikaa kwenye kigoda chake. Hakula, hakusumbua. Watu wa mtaani walimwamkia wakipita, naye aliitikia. Ila alianza kuchoka, na uchovu wake haukuwa kama wa walio hai. Alikuwa anapungua. Maneno yalimtoka moja moja. Nyundo akaiita "kile", msumeno akauita "yule". Kufika mwisho wa mwaka koti lilikuwa linakaa wima lenyewe, na yeye yuko ndani yake kama maji yaliyobaki kwenye mtungi.

"Mwenzangu," alimwambia mkewe jioni moja, "kule nilikuwa nimelala vizuri."

"Najua."

"Kuna kimya cha kule. Kama ubao ukishapigwa msasa, ukapitisha mkono."

"Najua. Vumilia kidogo."

"Mpaka lini?"

Kesho yake akaenda kulitafuta jibu. Dirisha namba nne lilikuwa vile vile, kitambaa vile vile. Karani alimwambia kuna pendekezo la kubadili swali la kumi na mbili, liandikwe mtu mzima yeyote, na liko kwenye kamati. Lina miaka saba huko. Halijafikiwa kwa sababu mwenyekiti wa kamati hapendi mambo ya haraka.

"Si alifariki yule?" Mshonaji aliuliza. "Nilisikia msiba redioni."

"Alifariki. Anahudhuria vikao vyote."

Alipogeuka kuondoka ndipo alipoona kwamba pale ukutani sasa pana mabenchi mawili. La pili lilikuwa jipya. Lilikuwa limejaa wanaume watulivu, mmoja na udongo begani, mwingine na bandeji ya hospitali bado iko mkononi, mwingine amevaa kiatu mguu mmoja tu. Kando ya kila mmoja alisimama mwanamke mwenye bahasha ya kaki. Karani aliona anatazama.

"Niliomba waletewe benchi," alisema. "Wanachoka upesi."

Wiki hiyo mkaguzi alipita bila taarifa. Alilizunguka koti mara mbili, akainama, akaita, "Mzee, upo?" Ilichukua muda sauti kutoka. Mkaguzi akaandika Yupo, lakini akaweka alama ya kuuliza mbele yake.

"Mkuu wa kaya amepungua kuliko mwaka jana," alisema. "Akipungua zaidi ya hapa sitakuwa na cha kuandika."

Alipoondoka, Mkunga alimsubiri Mshonaji penye karo la kuoshea vyombo. Alikuwa mtu wa mizaha, lakini saa hiyo hakuwa nayo.

"Mke mwenzangu, ni wewe."

"Mimi nimefanya nini?"

"Nyumba yangu inatazamana na yako. Kila jioni nakusikia unaomba. Unashukuru, yeye yuko vile vile. Unatuombea sisi, yuko vile vile. Ukifika kwenye lile pumziko lako, koti linashuka kwa upana wa kidole. Nimelitazama mwezi mzima." Akapangusa mikono kwenye kanga. "Unasikilizwa, mwenzangu. Ndiyo tatizo."

Mshonaji alisuuza kikombe kilichokwisha suuzwa.

"Nimeomba hivyo tangu alipoingia ardhini," alisema.

"Najua."

"Ni haki yake."

"Najua, mama. Sikwambii usiombe." Mkunga aliangalia upande wa meza ndefu, ambako Dobi alikuwa anachambua mchele kwa mkono mmoja, polepole, akitoa mawe na kuyapanga kwenye mstari.

Jioni Mshonaji alifunga cherehani, akaacha mlango wazi, akakaa ukingoni mwa kitanda. Uani maganda ya randa machache yalikuwa yanaelea, ya mwisho, hayajui pa kutua. Kwenye kigoda koti lilikuwa limeinamisha shingo upande wa chumba chake, kama lilivyofanya kila siku saa hizo.

Alishukuru kwa siku. Aliomba afya kwa walio hai, akiwataja mmoja mmoja: Mkunga, Dobi na mkono wake na mdomo wake, Mwalimu, Muuza Mboga na goti, Bi Pole. Akamtaja karani. Akamtaja hata shemeji. Kisha akanyamaza. Nyumba zote zilikuwa kimya, na nyuma ya madirisha matano hakuna aliyekohoa.

"Amina," alisema.

Pale nje Marehemu alingoja. Alingoja kwa muda ambao chungu cha maharage kingeanza kuchemka.

"Umesahau," alisema.

"Sijasahau."

Akalifikiria hilo. Akapapasa nyuma ya sikio, akaikuta penseli ipo, akaiacha. Mabega yake yalianza kujaa koti taratibu, kwanza la kulia, halafu la kushoto.

"Haya," alisema.

Asubuhi alikuwa amekaa wima, na "kile" sasa alikiita nyundo. Chai ilimiminwa, wanawake wakahesabiana mezani, wakatimia sita. Mkaguzi alirudi Alhamisi kwa ajili ya ile alama ya kuuliza. Alisimama mbele ya kigoda, akatazama vizuri, akaridhika, akaifuta kwa raba.